Kizunguzungu sio presha kila siku, angalia na sikio

Kuna mgonjwa anaingia kliniki yetu ya masikio ameshapima presha mara nne, malaria, sukari, kaambiwa labda damu imepungua kanywa rosela na bitiruti wiki mbili, majibu yote safi ila kitanda bado kinazunguka. Mimi huwa nauliza kwanza, kikikushika kinakaa muda gani na ulikuwa unafanya nini?

Akisema nikijigeuza kitandani, au nikiinua uso kutoa sufuria juu ya kabati, dunia inazunguka halafu dakika haiishi kimeacha, hapo nawaza vijiwe. Ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya kalsiamu, jamii ileile ya mawe ya chokaa, kazi yao kuuambia ubongo kichwa kimeinama au kimenyooka, sasa umri ukienda au ukipigiza kichwa, hata kwa kuanguka na bodaboda, vinabanduka vinatumbukia kwenye mifereji mitatu ya maji iliyo jirani, ukigeuka vinayavuta yale maji na ubongo unadanganyika eti unazunguka.

Kipimo chake hakina mashine. Tunakugeuza kichwa upande mmoja, tunakulaza chap, kichwa kining'inie kidogo nje ya kitanda, tunakuangalia macho. Sekunde chache yametulia tu, mara yanaanza kurukaruka yenyewe, wewe umenikamata mkono kwa nguvu zote, kisha yanapoa.

Tiba nayo ni kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi kwao, njia ya daktari John Epley wa Marekani, aliichapisha 1992. Wengi wanapona kwa mara moja au mbili. Vidonge vinapunguza kichefuchefu tu, havitoi kijiwe kwenye mfereji, na watu wanavimeza miezi jamani!

Kikikaa masaa, sikio linavuma na kuziba, usikivu unashuka, huo unaweza kuwa ugonjwa wa Meniere, tiba yake nyingine. Na sindano za jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria, msichomane kiholela, zinaweza kuua sehemu ya balansi ndani ya sikio na hairudi.

Ila mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea au mtu kashindwa kusimama ghafla, msimlete kwetu, hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbieni emejensi saa hiyohiyo.

Wa vijiwe njoo na mtu wa kukurudisha, siku hiyo usiendeshe.