Goti linauma, kumbe nyonga: usagikaji wa nyonga kwa vijana

Kliniki zetu hapa Mwanza hupokea vijana wengi wanaolalamikia goti: madereva wa bodaboda, wabebaji wa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, wachezaji wa timu za mtaani. Goti linapigwa picha, halina kitu. Anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, anarudi kazini, na mwaka unakatika akichechemea. Kumbe kinachosagika ni nyonga. Mishipa ya fahamu ya nyonga hufika hadi gotini, ndiyo maana maumivu hujitokeza huko.

Wengi ukiwauliza nyonga iko wapi, hushika kiuno. Maumivu ya kiungo chenyewe hukaa kinenani. Kuvaa soksi kunakuwa kazi, kuchuchumaa chooni ni shughuli, na kupanda pikipiki lazima mguu uinuliwe kwa mkono. Jipime hivi: lala chali, kunja goti na paja, kisha mwenzako asukume unyayo wako taratibu kuelekea nje. Kinena kikiuma, au mguu huo ukigoma kuzunguka huku mwenzake ukizunguka vizuri, omba eksirei ya nyonga zote mbili.

Kwa nini kijana? Kanda ya Ziwa hatuwezi kulizungumza hili tukaiacha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha fupa la paja; mfupa hufa, hubonyea, na gegedu, ule utando laini unaofunika mfupa kwenye kiungo, linasagika juu yake. Pombe nyingi hufanya hivyo pia, na prednisolone (dawa ya jamii ya steroidi) ya muda mrefu, ikiwemo ile inayomezwa bila cheti cha daktari ili mtu anenepe. Wengine nyonga iliteguka kwenye ajali, au haikukaa sawa tangu utotoni. Mfupa unapoanza kufa, eksirei inaweza kuonekana safi; kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndicho huonyesha mapema.

Ushauri wa "acha mazoezi, pumzika" siukubali. Misuli ya makalio ikilegea, mzigo wote unabaki kwenye kiungo. Lala ubavu, mguu mbovu juu, uinue ukiwa umenyooka, polepole. Lala chali na magoti yamekunjwa, nyanyua makalio. Punguza kuruka, kuchuchumaa sana na kugeuka ghafla kwa mpira. Maumivu yakiwa yametulia kufikia asubuhi, endelea. Ukiamka yamezidi, punguza. Baiskeli yenye kiti kilichoinuliwa inafaa. Kuogelea kunafaa zaidi, ila bwawani: ufukweni mwa ziwa kuna kichocho. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande mzima, ingawa wengi huishika upande unaouma. Na diklofenaki ya kila siku huumiza tumbo na figo.

Yote hayo yakishindwa na maumivu yanakuamsha usiku, zungumza na daktari bingwa wa mifupa kuhusu nyonga bandia. Zaidi ya nusu ya nyonga hizo hudumu miaka 25, lakini kwa kijana huchakaa mapema zaidi, kwa hiyo tegemea kurudi kwenye upasuaji siku za mbele, na magunia yatabidi yaachwe. Mwenye selimundu aseme mapema, kwa daktari wa upasuaji na wa usingizi pia, kwa sababu damu, maji na oksijeni huandaliwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji.