Je, wajua kwa nini malimau hukomaa chini ya milima yenye theluji?

Mtu akikuambia Italia inalima malimau, mawazo hukimbilia kusini kabisa, Sicilia, ambako jua la kiangazi halina mzaha. Lakini huko kaskazini, kwenye mabega ya Milima ya Alps, kuna mji mdogo uitwao Limone sul Garda ambao kwa karne kadhaa uliuza malimau hadi Ujerumani na kuzidi. Uko kando ya Ziwa Garda, karibu nyuzi 46 kaskazini mwa ikweta. Mizeituni imeshona pande zote za ziwa hilo. Mizabibu ndiyo usiseme.

Linalotatanisha zaidi ni kwamba ukiliacha ziwa ukashuka kusini kuelekea Mantova, kwenye tambarare la mto Po, hali ya hewa haizidi kuwa na joto kama ungetarajia. Majira ya baridi huko kuna ukungu mzito na jalidi asubuhi, na mashamba ya mizeituni huyaoni. Kwa hiyo kusini kuna baridi kuliko kaskazini. Inakuwaje?

Swali hili tulikwenda nalo kwa marafiki zetu Waitalia wanaoishi upande wa mashariki wa ziwa, jirani na mji wa Bardolino. Baba mkwe wa mwenyeji wetu ni mzee wa mizabibu tangu ujana wake. Alitusikiliza akacheka. "Wageni wote wanasifu jua," alisema. "Jua liko hata Mantova. Sifuni maji."

Na kweli, jibu ni maji. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati kama mara tano ya ile inayohitajika kwa kilo moja ya mchanga mkavu. Kilichoingia kwa shida hutoka kwa shida vilevile. Ndiyo maana kikaango kitupu hupata moto mara moja na kupoa mara moja, lakini sufuria la maji ulilolitoa jikoni saa nzima iliyopita bado linaweza kukuunguza. Tena, ardhi hupata joto juu juu tu, ilhali ziwani upepo na mawimbi huyakoroga maji, joto likazama chini zaidi.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye Garda. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia, lina eneo la takriban kilomita za mraba 370. Kwetu sisi tuliozoea Ziwa Victoria huo ni udogo wa kuchekesha, lakini kina chake hakichekeshi: mita 346. Uso wa ziwa uko mita 65 tu juu ya usawa wa bahari, maana yake sakafu yake imezama mita kama 280 chini ya bahari. Kiangazi chote maji hayo yote hukusanya joto. Ikifika Desemba, vilele vya Monte Baldo vikiwa vyeupe, ziwa huanza kulirudisha hewani polepole, usiku baada ya usiku, na ukanda wa pwani yake ukanusurika na jalidi inayopiga tambarare. Milima nayo husaidia kwa kuukinga upepo baridi wa kaskazini.

Hata hivyo, malimau hayakuachiwa ziwa peke yake. Wakulima wa Limone na Gargnano walijenga nyumba maalumu za malimau: ngazi za mashamba mlimani, ukuta mnene upande wa nyuma, na safu za nguzo ndefu za mawe mbele. Kipupwe kikikaribia, waliziba mapengo kati ya nguzo kwa mbao na vioo, na majira ya kuchipua wakaviondoa tena. Kazi hiyo ilirudiwa kila mwaka. Biashara ilikuja kuporomoka katika karne ya 19, baada ya ugonjwa kuishambulia miti, kisha Italia ilipoungana na reli zikaanza kuleta malimau ya bei nafuu kutoka kusini. Nguzo nyingi bado zimesimama, na ile bustani iitwayo Limonaia del Castel pale Limone hupokea wageni.

Kina hicho chote cha ziwa kilitokana na barafu. Zama za barafu, mto mkubwa wa barafu ulishuka kutoka Alps ukichimba bonde, na ulipoishiwa nguvu kusini ukamwaga mzigo wake wa mawe, kokoto na udongo. Vifusi hivyo ndivyo vilima vya mviringo vinavyolizunguka ziwa kwa kusini leo, na ndimo mizabibu ilimopandwa. Kwenye kokoto za Bardolino, zabibu za Corvina hutoa mvinyo mwekundu mwepesi, pamoja na ule wa waridi uitwao Chiaretto. Kusini, nyuma ya Sirmione, udongo ni mfinyanzi mzito unaonata kwenye viatu, na huko hutoka mvinyo mweupe wa Lugana. Mimi nikiambiwa nichague mmoja wa kunywa na samaki wa ziwa, sina haja ya kufikiri: Lugana.

Upepo nao una ratiba. Usiku miteremko ya milima hupoa kuliko maji, hewa baridi ikateremka kuelekea kusini. Upepo huo wenyeji huuita Pelèr, na huvuma tangu kabla ya alfajiri mpaka asubuhi imepea. Mchana mambo hugeuka. Milima ikishapata joto, hewa hupanda juu na nyingine huvutwa kutoka kusini kuziba pengo, nayo ndiyo Ora. Vijana wa mbao za matanga hujazana Torbole kuisubiri. Mkulima anaipenda kwa sababu nyingine: hukausha majani na vichala, kuvu ikakosa unyevu wa kushamiri.

Wavuvi wa Mwanza au Kisumu hawahitaji kufundishwa hili, upepo wa ziwa na wa nchi kavu wanaujua. Kanuni ni ileile, ila karibu na ikweta hakuna kipupwe cha kuogopa, na zawadi ya ziwa huwa mvua: unyevu wa Victoria ukisukumwa magharibi huinyeshea Bukoba karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Na mizabibu ya Dodoma, isiyolala kwa ajili ya baridi, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ya Garda huvunwa mara moja tu, Septemba hadi Oktoba.

Kwa kuwa tulifika mavuno yakimalizikia, mwenyeji wetu alitupeleka kwa binamu yake Valpolicella, mashariki ya ziwa. Tulipanda ngazi hadi darini. Madirisha yalikuwa wazi pande zote mbili, na sakafuni zimepangwa kreti za plastiki, kila moja ina tabaka moja tu la vichala visivyolaliana. Zamani walitumia vichanja vya matete. Zabibu hukaa hapo miezi mitatu au minne zikinyauka, zikipoteza theluthi hivi ya uzito wake, sukari ikibaki nyingi ndani ya maji machache. Ndipo hukamuliwa. Hamira ikiachwa iimalize sukari karibu yote, hupatikana Amarone, mvinyo mzito ambao kileo chake mara nyingi hufika asilimia 15 na kuzidi. Ikisimamishwa mapema, hubaki mtamu na huitwa Recioto. Yule binamu alichukua kichala akakiminya kidogo, akatoa tunda moja lililoanza kuoza na kulitupa nje dirishani, kisha akaenda kreti inayofuata. Hufanya hivyo kila siku, hasa ukungu ukitanda, maana tunda moja bovu huambukiza kreti nzima.

Ukarimu wa ziwa una mpaka, na mpaka huo unaonekana kwa macho. Pale Malcesine kuna gari la waya linalopanda Monte Baldo hadi mita 1,760. Linaanza katikati ya mizeituni, na baada ya dakika chache tu za kupanda mizeituni inakwisha kabisa, inafuata misitu ya miti inayopukutisha majani, halafu nyasi tupu na upepo. Chukueni koti, hata mkienda Juni.