Kabla ya Kupokea Arbuni ya Nyumba, Tazama Tarehe

Malalamiko kuhusu mauzo ya nyumba yanayofika kwenye dawati letu la usajili wa ardhi yameongezeka, na mengi yanatoka mitaa ile ile ya Nairobi: Buruburu, Umoja, Donholm, Kariobangi South, Lang'ata. Ni nyumba za wazee. Zilinunuliwa kwa mikopo miaka ya sabini na themanini, mikopo ikalipwa kwa jasho, watoto wakalelewa humo. Leo watoto wana maisha yao Ruaka na Kitengela, ua limeota nyasi, na familia inajiuliza kama wakati wa kuuza umefika.

Mlalamishi huanza na mnunuzi: amechelewesha pesa, amebadili nia, ametupeleka kortini. Nikifungua jalada nakuta mambo yaliharibika kabla mnunuzi hajajulikana. Familia ilitazama bei, haikutazama tarehe. Na katika nyumba ya mjini, tarehe ndiyo hukata shauri: tarehe mwenye nyumba aliyofariki, tarehe uliyohama, tarehe lisi (muda uliokodishiwa ardhi) itakayokwisha, tarehe benki iliyoandika notisi.

Asubuhi moja walikuja ndugu watatu na mama yao. Kifungua mimba alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hatimiliki yenye jina la baba na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, ulioandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba wamepokea shilingi milioni moja kuwa arbuni, yaani malipo ya kwanza ya nyumba. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kesi ya mirathi haikuwa imefunguliwa. Pesa zilishaingia kwenye karo, deni la hospitali na gari la kitindamimba, na sasa mnunuzi alitaka ama nyumba ama milioni yake. Walikuja kuniomba "tubadilishe jina tu."

Mama alikaa kwenye benchi nyuma yao, amepakata mkoba. Nilipomwamkia na kumuuliza amebeba nini, alitoa rundo la risiti lililofungwa kwa mpira. Zilikuwa risiti za reti, kodi ya jiji ya kila mwaka, tangu enzi ya City Council, nyingine wino umefifia mpaka uzielekeze dirishani ndipo zisomeke, na katikati yake risiti za saruji, mabati na fundi aliyejenga vyumba vya nyuma. Hakuna hata karatasi moja aliyoitupa.

"Mama, wewe wasemaje kuhusu kuuza?"

"Mwanangu, mimi niliambiwa tunakuja kuandikisha."

Niseme wazi, kwa sababu hili watu hawapendi kulisikia. Mtoto wa marehemu hana nyumba ya kuuza, hata kama hatimiliki imelala sandukuni mwake na funguo zimo mfukoni. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kushika, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na zaidi ya hapo atawajibika kwa wasimamizi halali kwa mali aliyoiingilia. Naandika kiasi cha faini nikijua wengine wataona ni kidogo. Faini si hasara kubwa hapo. Hasara kubwa ni kwamba uhamisho wa hatimiliki hautasajiliwa, na ukisajiliwa kwa ujanja utafutwa, na kila aliyekula arbuni atairudisha.

Njia halali ni hii. Barua ya chifu inayowataja warithi wote, pamoja na yule mtoto wa nje ambaye familia haimzungumzii. Kisha cheti cha kifo, ombi mahakamani, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya, ambapo mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mahakama ikiridhika inatoa barua za usimamizi, zinazomtaja msimamizi wa mali ya marehemu. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani safari imeisha. Kwa kawaida hupita miezi sita kabla barua hizo hazijathibitishwa, na kifungu cha 82 kinamkataza hata msimamizi mwenyewe kuuza ardhi au nyumba kabla ya uthibitisho. Ukisikia dalali akisema "barua za usimamizi zimetoka, leteni mnunuzi," muulizeni zimethibitishwa lini.

Na mama je? Kama marehemu hakuacha wosia na ameacha mke mmoja na watoto, kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo vya nyumbani kabisa kabisa, na katika mali iliyobaki kinampa haki ya kuitumia maisha yake yote. Watoto wanangoja. Nyumba ikitakiwa kuuzwa katika kipindi hicho, mjane ndiye anayeamua, kwa ridhaa ya watoto wote wazima, na kwa kuwa ni mali isiyohamishika, mahakama nayo lazima ikubali. Kwa hiyo kile kikao cha ukoo mlichofanya mama akiwa jikoni anapika chai hakina nguvu yoyote kisheria.

Tarehe ya kifo ina uzito mwingine tena, wa kodi. Nyumba inayouzwa ili kugawa mirathi haitozwi kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida unayopata kwa kuuza mali, iwapo mauzo yatakamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda zaidi ambao Kamishna wa kodi ataruhusu kwa maandishi. Ikiwa kulikuwa na kesi juu ya mirathi hiyo, miaka miwili inahesabiwa tangu kesi ilipokwisha. Familia nyingi hukaa miaka minne zikivutana kuhusu bei, kisha hushangaa kudaiwa.

Kodi hiyo ndiyo inayonirudisha kwa walio hai. Ilirejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Analipa muuzaji. Ushuru wa stempu, unaolipwa ili uhamisho usajiliwe, ni asilimia 4 kwa mali ya mjini, na ni wa mnunuzi. Tafadhali tusichanganye haya mawili. Karibu kila siku kuna mtu anayenibishia kwamba kodi zote ni za mnunuzi. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama ya kununua, ya kuboresha na ya mauzo yenyewe, mradi una stakabadhi. Kwamba shilingi ya 1990 haikuwa shilingi ya leo, sheria haikuhesabii.

Lakini upo msamaha ambao wenye nyumba wengi hupoteza bila kujua. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia uhamisho haitozwi kodi hiyo. Miaka mitatu mfululizo, ile inayogusana na siku ya mauzo. Kuishi hapo miaka ishirini halafu ukahama, ukaweka mpangaji, ukauza baadaye, kunakutoa kwenye msamaha.

Tuseme Mzee na mkewe walinunua nyumba kwa milioni 1.5 na kuiboresha kwa milioni moja, na risiti wanazo. Wakiiuza milioni 12.5 wakiwa wanaishi humo, kodi ya faida ni sufuri. Wakihamia shambani kwanza na kuipangisha kwa shilingi 45,000 kwa mwezi, wanapata 540,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya nyumba ya kupangisha ni asilimia 7.5, yaani 40,500, wanabaki na 499,500. Baada ya miaka mitatu wamekusanya 1,498,500. Kisha wanauza kwa bei ile ile ya milioni 12.5, faida ni milioni 10, na kodi yake ni milioni 1.5. Pesa zote za mpangaji za miaka mitatu zimemezwa, na bado hatujahesabu rangi, mabomba na miezi ambayo mpangaji alitoroka. Sisemi msipangishe. Anayenuia kukaa na nyumba miaka kumi ana hesabu nyingine kabisa. Nasema yule anayejua moyoni kwamba atauza, afanye uamuzi huo kabla ya kupakia vitu kwenye lori.

Kodi ya faida inadaiwa siku muuzaji anapomaliza kupokea bei yote au siku ya kusajili uhamisho, ile itakayotangulia. Kuchelewa kunaleta faini ya asilimia 5 ya kodi, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Na wale wa "tuandike bei ndogo kwenye agrimenti, nyingine atanipa mkononi": naomba mwache. Thamani ya ushuru wa stempu hukadiriwa na mthamini wa serikali, haichukuliwi tu kwenye karatasi yenu. Kodi iliyofichwa kwa makusudi ina adhabu ya asilimia 75 ya kiasi kilichopungua. Na mnunuzi akigeuka, mahakama itasoma bei iliyoandikwa. Nimewaona watu wazima wakilia kwenye korido kwa ajili ya hiyo "nyingine atanipa mkononi."

Kuhusu wanandoa nitasema machache. Jina moja kwenye hatimiliki halimaanishi uamuzi wa mtu mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, inataka ridhaa ya mwenzio, na bila hati ya ridhaa hiyo uhamisho utakwama.

Lisi nayo isomwe kabla ya kumwita dalali. Nyumba nyingi za Nairobi zimesimama juu ya lisi ya miaka 99, na nyingi zilianza kuhesabiwa kabla wenye nyumba wa sasa hawajanunua. Kadiri miaka inavyopungua, benki ya mnunuzi inasita, na mnunuzi asiye na mkopo atatumia udhaifu huo kukubana bei. Ombi la kuongezewa muda hupelekwa lisi ikiwa bado hai. Kwa baadhi ya familia, jibu la "tuuze lini?" ni "baada ya lisi kuongezwa."

Mwenye mkopo uliochelewa yuko kinyume cha hapo: kwake kungoja ni hasara. Benki ikianza safari ya mnada, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka itoe notisi ya siku 90 ili ulipe, kisha notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, na dalali wa mahakama huleta yake ya siku 45. Watu huficha barua hizo chini ya godoro. Hizo siku ndizo nafasi yako ya kuiandikia benki, kuomba ikuruhusu uuze mwenyewe, na kumtafuta mnunuzi anayenunua bila kujua una haraka. Nyundo ikishagonga mnadani, sisi kwenye usajili hatuna la kukusaidia.

Tunaulizwa pia kama bei ya Eastlands itapanda au itashuka. Ofisi ya usajili haitabiri bei. Mwone mthamini aliyesajiliwa, mlipe, upate ripoti.

Ikiwa umepitia tarehe hizo zote na bado unataka kuuza, basi na arbuni iende kwa utaratibu. Mkataba wa kuuza ardhi hauna nguvu mahakamani usipoandikwa, usipotiwa saini na pande zote na kushuhudiwa. Kwa desturi arbuni ni asilimia 10 na muda wa kukamilisha ni siku 90. Isiingie kwenye simu ya mtu. Ikae kwa wakili, kwa masharti yaliyoandikwa, mpaka uhamisho usajiliwe. Wakili wa mnunuzi ni wa mnunuzi, tafuta wako. Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wake, kwa kuwa kila jalada lina lake.

Wale ndugu watatu niliwaambia wamwandikie mnunuzi makubaliano ya kurudisha milioni moja kwa awamu, mbele ya wakili, na wiki hiyo hiyo waende kwa chifu. Baada ya mirathi kuthibitishwa, mama ataulizwa, na jibu lake litaandikwa. Rundo la risiti nililifunga tena kwa mpira wake nikamrudishia mwenyewe mkononi, wanawe wakiangalia, nikamwomba asilitoe hata kwa kuazimwa.