Sauti kukatakata sio lazima iwe spidi ya memori kadi

Kuna meseji haiishi kwenye magrupu ya sisi tunaounda vifaa vya muziki nyumbani, eti sauti ikikatakata kadi yako ni slo, tupa, nunua ile yenye 10 ndani ya herufi C, yaani alama ya klasi ya spidi. Sio kweli, na inawatia watu hasara.

Piga hesabu. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la kawaida la stirio, biti 16, sampo 44,100 kwa sekunde, inakula baiti 176,400 kwa sekunde, haifiki hata MB 0.2. Kadi ya zamani ya klasi 4 inatakiwa kuandika angalau MB 4 kwa sekunde, sasa spidi inapungukia wapi?

Kinachochanganya ni kwamba ile namba inahusu data inayoenda mfululizo, wakati kifaa chako kinacheza mafaili manne kwa mpigo, kadi inarukaruka huku na huku, kila ruko linakula muda, na bafa (memori ya kifaa inayoshika sauti kidogo kabla haijachezwa) ikiwa ndogo unasikia tak! Mtu akiweka kadi mpya isiyo na mafaili yaliyovunjika vipandevipande inapona, basi anaamini ni klasi.

Kabla hujafowadi tena, tafadhali, jaribu hivi: fomati kadi, weka WAV moja tu, icheze. Ikikata, fupisha waya za SPI (zile zinazounganisha kadi na kifaa), cheki kama volti 3.3 ya kuendesha kadi inashuka. Moja ikiwa safi ila nne zinakata, ongeza bafa. Ukihisi kadi ni feki, ipitishe kwenye H2testw, ni programu ya bure ya kupima kadi.