Gitaa la umeme lililochakaa: nilitengeneze au niliuze?

Karibu kila anayeniletea gitaa kuukuu huanza kunionyesha rangi: imebabuka hapa, imekwanguka pale. Mimi rangi naiacha kwanza. Nalinyanyua gitaa usawa wa jicho, kama mtu anayelenga bunduki, nikaichungulia shingo kwa urefu wake.

Shingo iliyovutwa mbele kidogo na nyuzi haina neno. Ndani yake mna nondo nyembamba ya chuma inayokazwa kwa ufunguo, na mara nyingi robo mzunguko unatosha kuirudisha. Shida ni pale nondo imeshakazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda, au imejisokota. Kwa gitaa la mtindo wa Stratocaster, lile la kampuni ya Fender, hata hilo lina dawa, maana shingo imefungwa kwa skrubu: unafungua, unaweka nyingine. Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson, ni habari tofauti. Shingo yake imegandishwa kwa gundi na kichwa kimelala nyuma, kwa hiyo likianguka huvunjika palepale shingo inapokutana na kichwa. Ufa huo ukiunganishwa na fundi anayejua, gitaa litapigwa miaka mingi bila tatizo. Bei yake tu ndiyo haitarudi. La namna hiyo mimi humshauri mwenyewe abaki nalo.

Freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, zikichimbika kidogo husawazishwa kwa tupa. Zikiisha kabisa hung'olewa zote na kuwekwa mpya, kazi ya polepole na ya gharama, ambayo kwa gitaa la bei rahisi inaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Hapo sikutii moyo, labda liwe la marehemu baba yako.

Upande wa umeme watu huogopa bure. Huku pwani unyevu na chumvi huanza kula swichi, vifundo vya sauti na tundu la kuchomekea kebo, vitu ambavyo havina gharama kubwa. Gitaa linaweza kutangazwa limekufa kumbe ni waya mmoja umeachia lehemu. Pikapu yenyewe, yaani kile kinasa sauti chenye sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi, napima kwa mita: ya koili moja kwa kawaida husoma kama kilo-omu 5 hadi 7. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika, na pikapu itasukwa upya au itabadilishwa.

Sasa suala la umri, maana kila mtu anaota kuwa lake ni la thamani. Namba ya nyuma peke yake haitoshi. Fungua utazame mgongo wa vifundo vya sauti. Ukikuta 1376612, ile 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, na 12 ni wiki ya 12. Lakini hiyo ni tarehe ya kifundo, si ya gitaa. Enzi za bendi zetu za dansi mpigaji mara nyingi hakuwa na gitaa lake. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, kama NUTA Jazz, iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Gitaa moja lilipita kwa mpiga solo huyu, kesho kwa wa ridhim yule, na likiharibika fundi aliweka kipuri alichokuwa nacho. Kwa hiyo ukiniambia gitaa la bendi ni halisi lote, nitaomba bisibisi.

Likithibitika kuwa ni halisi kweli, tuseme Fender ya kabla kampuni haijanunuliwa na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965, weka msasa chini. Kulipaka rangi upya kunaweza kuondoa karibu nusu ya bei yake. Hata skrubu iliyoota kutu usiitupe, ifunge kwenye bahasha iende na gitaa.

La kawaida ndilo tengeneza kiasi cha kupigika: safisha, rekebisha umeme, weka nyuzi mpya, basi. Rangi usiguse, fedha yake hairudi. Mnunuzi wa hapa mara nyingi ni kijana wa bendi au kwaya ya kanisani, naye atachomeka kebo kwanza kabla ya kusifia uso. Ukipiga picha za kuuzia, piga na ya ndani, na kama kuna ufa shingoni uonyeshe mwenyewe. Akiugundua yeye, bei ataipanga yeye.