Je, wajua? Mwanafunzi aliyebakwa anaweza kutibiwa kabla ya kwenda polisi

Uliza kwenye bweni lolote la chuo hapa Tanzania: mtu akibakwa aanzie wapi? Wengi watakujibu polisi, akachukue PF3. Jibu hilo lina chanzo chake. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, na kwa miaka mingi mapokezi ya hospitali yalizoea kuidai kwanza. Hivyo anayeogopa kaunta ya polisi hujikuta ameikosa na hospitali. Lakini miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu waathirika wa ukatili wa kijinsia inataka matibabu yatangulie. Fomu inaweza kufuata baadaye.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu virusi vya UKIMWI vikiingia mwilini havisambai papo hapo. Huanzia kwenye utando laini mahali vilipoingilia, kisha chembe za kinga zenyewe huvibeba hadi kwenye tezi, na huko ndiko vinakozaliana kwa wingi. Safari hiyo huchukua siku chache tu. Dawa za PEP huzuia virusi kujizalisha kabla havijajikita, na ndiyo maana lazima zianzwe ndani ya saa 72. Hata ndani ya saa hizo, anayeanza usiku uleule yuko pazuri kuliko anayengoja kesho kutwa.

PEP humezwa kila siku kwa siku 28. Siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na wengi huachia hapo, hasa wale wa chumba cha watu wanne ambao hawataki kopo la dawa lionekane. Bora kumweleza mhudumu shida hiyo kuliko kukatisha dozi kimyakimya. Utapimwa pia siku hiyohiyo, lakini jibu lake linaonyesha hali yako ya kabla ya tukio. Ndiyo maana unaambiwa urudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa.

Kuzuia mimba nako kuna muda wake. Vidonge vya dharura, ambavyo vyuoni vinajulikana zaidi kama P2, vinaweza kusaidia hadi saa 120, ingawa nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa. Kitanzi cha shaba nacho kinaweza kuwekwa ndani ya siku tano, na ndicho chenye uhakika zaidi. Zipo pia dawa za kukinga kisonono na kaswende, na chanjo ya homa ya ini B. Mwanafunzi wa kiume aliyelazimishwa, ambaye sheria hulitaja kosa alilotendewa kwa jina lingine, ana haki ya huduma hizo pia, isipokuwa hizo za mimba. Na ukishatimiza miaka 18, hakuna anayepaswa kumpigia mzazi wako simu kwanza.

Ukiweza, ulizia kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, au Mnazi Mmoja kule Zanzibar. Hapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, kwa hiyo huzungushwi ofisi hadi ofisi ukirudia maelezo yaleyale mbele ya kila aliyekaa mezani.

Sasa ushahidi. Kitu cha kwanza mwili unachokitaka ni kuoga, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa hilo. Ukiweza kuvumilia hadi daktari akuone, vumilia. Kama umeshaoga, nenda vilevile, kwa sababu dawa haziangalii kama umeoga na daktari bado anaweza kuona mengine. Nguo ulizovaa usizifue. Zitie kwenye bahasha ya kaki, au zifunge kwa gazeti. Mfuko wa nailoni haufai, kwa kuwa unatunza unyevu, na unyevu huozesha kile ambacho maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ingekitafuta. Meseji usizifute, hata zile za "samahani jana nilizidiwa". Hizo hasa ndizo za kutunza.

Wapo wasioripoti kwa sababu hawakupiga kelele wala hawana jeraha. Mwili ukiogopa sana huweza kuganda, na sheria yetu haikulisahau hilo. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinasema wazi kwamba si lazima kuonyesha majeraha ya kupambana ili kuthibitisha kuwa hukuridhia. Kifungu hichohicho kinagusa pia ridhaa ya mtu aliyeleweshwa. Nayo Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Ukiamua kufungua kesi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, usiishie kaunta.

Chuo ni mlango mwingine, na kuugonga huo hakukulazimishi kuugonga ule wa polisi. Tangu 2021 serikali imetoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia kwenye vyuo vya elimu ya juu na ya kati. Dawati au mshauri wa wanafunzi anaweza kukusaidia kuhama bweni, kuomba mtihani maalumu badala ya kuhesabiwa umefeli, au kuahirisha masomo. Ukiahirisha, hakikisha una barua ya chuo mkononi na Bodi ya Mikopo ina taarifa, la sivyo unajiongezea tatizo jipya juu ya lile la kwanza. Mhusika akiwa mhadhiri anayetaka ngono ili akupe alama, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapokea simu bure kupitia 113. Mimi naogopa neno moja tu katika ofisi za vyuo: "tuyamalize hapa hapa". Chuo kinaweza kumfukuza mtu kazi au masomo. Hakina mamlaka ya kusuluhisha ubakaji.

Na aliyenyamaza mwaka mzima? Saa 72 zimepita, lakini ushauri nasaha na vipimo bado vipo, na kosa halijafutika. Ukweli ni kwamba mahakama hulipa uzito suala la kumtaja mtuhumiwa mapema, kwa hiyo utaulizwa kwa nini ulichelewa. Hofu ya kufelishwa au vitisho ni maelezo yanayoeleweka, ukiyatoa waziwazi. Andika unachokumbuka sasa: tarehe, mahali, nani alikuona ukirudi chumbani na ulimwambia nini. Huyo rafiki uliyemwambia usiku ule anaweza kuitwa shahidi.