Vituo vya angani: kusukuma saa kumi ndani ya ndege

Kabla ya Hija iliyopita, bibi mmoja wa Mikindani alikuja ofisini na mjukuu wake kuchukua tiketi. Nikamweleza habari za mizigo, pasipoti na chanjo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lake: "Mwanangu, humo ndani mtu anakaa anafanya nini muda wote huo?"

Nina mwaka wa 14 sasa katika kazi ya tiketi hapa Mtwara mjini, na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Yeye alikuwa na safari ya kama saa tano kutoka Dar. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou kwa ndege ya moja kwa moja hukaa angani saa kumi au zaidi. Kile kipande chetu cha Mtwara hadi Dar hakihesabiki, ni saa moja hivi. Kaa dirishani, na mawingu yakikubali utaona delta ya Rufiji na mikoko yake, mito midogo inavyojisokota kuelekea baharini. Ugumu huanza baada ya hapo.

Fikiria basi la Dar. Ni zaidi ya kilomita 550, kutwa nzima umekaa, na bado watu wetu wanaivumilia safari hiyo tangu utotoni. Wanaivumilia kwa sababu njiani kuna Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti. Kila mahali pana lake: hapa unashuka kunyoosha miguu, pale unanunua kitu dirishani, kule unapiga simu nyumbani kusema umevuka mto. Ndani ya ndege hakuna Nangurukuru. Ni kiti kile kile, mvumo ule ule, na taa zikishazimwa akili inakosa pa kushika. Saa moja inakuwa kama tatu.

Hilo nililiona katika safari yangu ya kwanza ndefu. Skrini ya kiti changu haikuwaka tangu tunaondoka, na nyimbo zangu zote zilikuwa za kusikiliza kwa intaneti, kwa hiyo simu ilikuwa kama kioo tu. Nikamwomba mhudumu karatasi, nikachora mstari wa barabara ya Mtwara kwenda Dar, nikaandika vituo vyote ninavyovijua. Kila nilipofika "kituo" nilibadili shughuli. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyowafundisha wateja wangu: gawa safari vipande vya saa moja na nusu hivi, na kila kipande kisifanane na kilichotangulia. Baada ya macho, masikio. Baada ya masikio, mikono. Kisha miguu, kisha usingizi. Filamu nne mfululizo zinachosha kuliko kukaa bure.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani. Pakua kila kitu kabla hujapaa: taarabu, visomo, mahubiri, tamthilia, vitabu vya kusikiliza. Halafu jioni moja kabla ya safari iweke simu kwenye hali ya ndegeni na ufungue kimoja kimoja. Kipo ambacho ulidhani umekipakua na kitakataa kufunguka. Afadhali kikatae ukiwa bado sebuleni.

Beba vipokea sauti vya waya hata kama unavyo vile visivyo na waya. Skrini nyingi za ndege bado zinahitaji tundu la waya, na wengi huligundua hili wakiwa wameshafunga mkanda. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaokabidhi, kwa sababu betri ya aina hiyo ikishika moto ni lazima iwe mahali watu wanapoweza kuifikia. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita. Ila mashirika mengine hayaruhusu kuitumia mkiwa angani, basi panda ukiwa na chaji kamili.

Sasa mikono, ambayo watu huisahau. Yule bibi nilimwambia achukue tasbihi yake na uzi wa kufuma pamoja na sindano ya kufumia ya plastiki. Alitaka kubeba ukindu asuke ukili. Nilimzuia kwa masikitiko, maana nchi nyingi zina masharti juu ya kuingiza vitu vya mimea, na ningeumia kusikia ukili wake umeachwa forodhani. Mkono unaofuma hauhitaji chaji wala mwanga mkali, na kazi inavyorefuka unaona kwa macho yako kwamba muda umekwenda. Skrini haiwezi kukupa hilo.

Mbao za bao ni nzito, na kete 64 zikimwagika chini ya viti hutaziokota zote. Chukua karata, au drafti ndogo yenye sumaku. Kwa anayekwenda kununua mzigo, kituo kimoja kiwe cha lugha: jifunze kuhesabu mpaka kumi kwa Kichina na kuuliza bei, "duoshao qian". Wateja wangu waliofanya hivyo hurudi wakisimulia jinsi muuzaji alivyobadilika uso.

Ukiwa na watoto, usitegemee simu peke yake. Tega vitendawili kwa sauti ya chini. "Kuku wangu katagia mibani." Acha wahangaike mpaka walipate nanasi. "Popoo mbili zavuka mto." Macho. Kisha wape karatasi na kalamu za rangi, kila mmoja achore jibu lake, na mwenye kubuni kitendawili kipya kuhusu ndege apewe korosho.

Korosho ndiyo, beba zilizokaangwa, uzile humo humo. Hewa kavu na mvumo wa injini hupunguza ladha ya chumvi na sukari kinywani, chakula cha ndege kikaonekana hakina ladha, lakini korosho ya kukaanga bado inasema. Mwulize kwanza jirani yako kama karanga na korosho hazimdhuru.

Miguu: inuka kila baada ya saa moja au mbili, tembea mpaka nyuma ya ndege na urudi. Ukiwa kitini, inua visigino na kuvishusha, damu isisimame kwenye mashavu ya miguu. Kunywa maji.

Ndege ikianza kushuka, tafuna ubani au meza mate masikio yasizibe, na uweke saa yako kwenye majira ya huko. China wako mbele yetu kwa saa tano. Ukitua Guangzhou saa mbili asubuhi, Mtwara ni saa tisa usiku, kwa hiyo mama mwachie ujumbe kwamba umefika, na simu umpigie kukipambazuka.